Bi. Odessa Prewitt: Kibao Hakitoki Kabla ya Siku

Jumatatu, Juni 30, 2025, saa kumi na moja jioni, Bi. Odessa Prewitt atazima mashine za kufulia za Chuo Kikuu cha Ellery kwa mara yake ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitano na miezi kumi akiwa mtunza vifaa wa Wavushaji, timu yetu ya wanaume ya mpira wa kikapu. Katika muda huo makocha sita wamekuja, watano wameondoka, na mashine za kufulia zimebadilishwa mara nne. Yeye hajabadilishwa.

Aliajiriwa Agosti 1989, kiwanda cha magodoro cha hapa mjini kilipofungwa. Tangazo la kazi lilitaka mtu anayejua kushona, anayeweza kubeba ratili hamsini na asiyeogopa harufu. Bi. Odessa husema alidanganya kwenye moja kati ya hayo matatu, na mpaka leo hajamwambia mtu ni lipi.

Kila aliyeombwa kuandika wasifu huu alisema atalia kabla ya kufika katikati, ndipo kazi ikashuka hadi mapokezi. Nitajitahidi kuandika kama yeye anavyokunja jezi, bila kuacha mkono mmoja nje.

Wengi wanaofika ukumbini siku za mechi hawajui kazi yake inaanzia wapi. Kila mchezaji ana mkanda wenye namba yake. Akivua soksi na fulana huzifunga kwenye mkanda huo, na vyote huingia mashineni na kutoka pamoja. Kwa utaratibu huo, Ellery haijapoteza soksi tangu 1989, isipokuwa moja ya Februari 1997, ambayo Bi. Odessa anasema bado anaitafuta.

Januari 1994 sanduku la jezi lilisahaulika hapa chuoni wakati timu iko ugenini, maili tisini. Bi. Odessa alilipakia kwenye gari lake mwenyewe akaendesha katika theluji, na aliwakuta wachezaji wakipasha misuli kwa fulana za kulalia. Kocha wa wakati ule alimuuliza kwa nini amechelewa. Alimjibu kwamba amuulize aliyelifungia sanduku ofisini kwake na kuondoka na ufunguo mfukoni, hata ikabidi atafutwe mlinzi mwenye ufunguo wa akiba. Kocha alijipapasa mfuko. Tulishinda kwa pointi mbili.

Ana jicho pia. Kila majira ya kuchipua, chuo chetu, kama vyuo vingine, husubiri kusikia ni mchezaji gani ataondoka kabla ya kumaliza masomo ili aingie kwenye uteuzi wa ligi ya kulipwa. Waandishi hupiga simu, makocha hukosa usingizi. Bi. Odessa hutazama viatu. Mchezaji anayeanza kupeleka viatu nyumbani, jozi moja kila wiki, huyo anaondoka, hata kama mwenyewe hajajua.

Kwa ndugu zetu ambao hawafuati mchezo huu: mchezaji akiweka jina lake kwenye uteuzi anaweza kuliondoa na kurudi chuoni, mradi afanye hivyo kabla ya siku ya mwisho iliyopangwa. Siku hiyo ikipita, chuo kwake kimekwisha, hata kama hakuna timu itakayomchagua.

Mezani kwetu wakati wa chakula cha mchana, ubishi huu haujawahi kuisha. Dirisha la tiketi linasema kijana akiitwa aende, kwa sababu mwili wa mwanamichezo hausubiri mtu. Idara ya taaluma inasema shahada haivunjiki mguu. Bi. Odessa hula mkate wake wa nyama ya nguruwe ya kukaanga mpaka wamalize, kisha husema wote wamesema kweli, na hakuna hata mmoja wao atakayekwenda kuruka na goti la mtoto wa watu.

Lakini katika ubishi huo lipo moja ambalo amewahi kulifanyia jambo. Juu ya kila kabati katika chumba cha kubadilishia nguo kuna kibao cha shaba chenye jina la mchezaji, kimeshikwa na skrubu nne. Kuvifunga na kuvifungua ni kazi yake, na bisibisi yake hukaa mfuko wa kulia wa aproni. Hadithi ifuatayo ameruhusu iandikwe kwa sharti kwamba isilainishwe.

Aprili 2001, Rayford Munce, mchezaji wa mwaka wa pili, aliweka jina lake kwenye uteuzi. Jumamosi ile kulikuwa na kijana wa sekondari anayekuja kutazama chuo, na kocha alitaka aone kabati lililo wazi. Alimwagiza Bi. Odessa akitoe kibao cha Rayford. Alikitoa siku hiyohiyo. Anasema hakufikiri chochote, alikuwa anawaza mashine iliyovuja.

Katikati ya Juni, siku mbili kabla ya siku ya mwisho, Rayford aliendesha gari kwa muda wa saa tatu kurudi hapa. Wasaka vipaji walikuwa wamemwambia ukweli: huenda asichaguliwe. Alipitia kwanza chumba cha kubadilishia nguo, kabla ya kupanda kwa kocha. Bi. Odessa alimwona mgongo tu, akitoka. Alidhani kijana amefuata vitu vyake.

Hakuchaguliwa. Oktoba alirudi kuchukua viatu vyake vilivyobaki, na akiwa mlangoni alimwambia, "Nilikuja kuomba kurudi, Bi. Odessa. Nikakuta matundu manne ukutani. Nikasema basi, wameshanitoa."

Hakumlaumu. Bi. Odessa anasema ingekuwa nafuu kama angemlaumu.

Rayford alicheza Ufini miaka minne na Uruguay miwili, akarudi hapa kwetu Indiana, na mwaka 2012 alimaliza shahada yake hapahapa akiwa na miaka thelathini na mmoja. Siku ya mahafali Bi. Odessa alimletea kile kibao, alichokitunza kwenye kopo la biskuti pamoja na skrubu zake zote nne. Leo Rayford anafundisha hesabu na mpira wa kikapu katika shule ya sekondari ya wilaya ya jirani. Atakuwepo kwenye sherehe ya kumuaga Bi. Odessa Ijumaa hii, na ameomba tutangaze kwamba pai ya malai ataleta yeye, mtu mwingine asijisumbue.

Tangu mwaka ule Bi. Odessa alijiwekea sheria ambayo haipo kwenye kitabu chochote cha chuo: kibao hakitoki kabla ya siku. Jina linaweza kuwa magazetini, mchezaji anaweza kuwa amepiga picha na kofia za timu kumi. Mpaka siku ya mwisho ipite, ukutani jina lipo. Asidhaniwe kwamba aliwazuia. Lamont Stovall alipoondoka 2011 baada ya mwaka mmoja tu, ni yeye aliyemfungia viatu jozi kumi na moja, akamwambia ameamua vizuri, na alikuwa ameamua vizuri kweli. Lamont bado humtumia kadi kila Krismasi, kwa anwani ya chumba cha kufulia.

Mwaka huu sheria hiyo ilijaribiwa. Quincy Dabney, mchezaji wetu wa mwaka wa tatu, aliweka jina lake mwezi wa Aprili. Quincy alilelewa na bibi yake, na goti lake la kushoto lilipasuliwa mwaka jana. Wengine walimwambia abaki atibiwe vizuri. Wengine walimwambia aende kabla halijaharibika tena. Alikuwa anapungua uzito; tuliona kwenye kaptula.

Katikati ya Mei, Kocha Halvorsen alikuwa na mgeni, mchezaji mrefu aliyetaka kuhamia kwetu kutoka chuo kingine, na makabati yote yalikuwa na majina. Kocha alishuka mwenyewe. Alimkuta Bi. Odessa anapanga taulo na kumwomba akitoe kibao cha Quincy. Bi. Odessa alisema siku bado. Kocha alisema ni mgeni wa siku moja. Bi. Odessa alisema siku moja inatosha.

Kocha alicheka kidogo, ingawa uso ulikuwa umeanza kuwa mwekundu. "Bi. Odessa, kile ni kibao cha kabati, si cha kaburi."

"Sawasawa, Kocha," alisema. "Na mwenyewe hajafa. Kwa hiyo kinabaki."

Katika miaka thelathini na mitano hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukataa agizo, na ilikuwa imebaki miezi miwili isiyotimia astaafu. Ili mgeni apate kabati, alitoa vitu vyake mwenyewe kwenye kabati lake, pamoja na kopo la biskuti, akamwandikia jina kwa kalamu kwenye karatasi safi. Mgeni alipenda. Amekubali kuja.

Jumatano, Mei 28, ilikuwa siku ya mwisho. Saa tisa alasiri Quincy aliingia mapokezini, hakusalimia, na yeye ni mtu wa kusalimia. Alishuka chini. Nilikuwa nimetumwa kumpelekea Bi. Odessa bahasha zake, nikasimama nazo kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo bila kujua niende wapi.

Quincy alikuwa amekaa chini ya jina lake. Bi. Odessa alikuwa anakunja jezi.

"Nilidhani mmeshaniondoa," Quincy alisema.

"Nani akuondoe, na wewe hujaamua?"

Quincy alimuuliza, kama angekuwa yeye, angefanyaje. Bi. Odessa aliweka jezi chini.

"Mimi nafua nguo, mwanangu, sitabiri. Ukibaki, nitakufulia. Ukienda, nitakufungia viatu. Ila usije ukaniambia siku moja kwamba ukuta ndio uliokuamulia."

Quincy alipanda kwa Kocha Halvorsen, akakaa dakika arobaini. Kocha alimwambia nafasi yake ipo, na kwamba hatamshawishi upande wowote. Aliporudi chini macho yake yalikuwa mekundu lakini mabega yamelegea. Alisema, "Bi. Odessa, naomba bisibisi."

Alikitoa kibao mwenyewe. Skrubu ya tatu ilimponyoka ikabingiria chini ya benchi, wakapiga magoti wote wawili kuitafuta, yeye na goti lake na Bi. Odessa na ya kwake, wakicheka, kisha wakawa hawacheki tena. Alitaka kumwachia kile kibao akitunze. Bi. Odessa alikirudisha mkononi mwake. "Hiki ni chako. Umekifungua mwenyewe." Kisha alimfungia viatu. Quincy alipoondoka, tuliokuwepo tulimwona Bi. Odessa anafuta kabati ambalo lilikuwa safi tayari.

Karatasi hii inakwenda kuchapwa leo Jumatatu, na uteuzi unaanza Jumatano. Mtakapoisoma Ijumaa mtakuwa mnajua kama Quincy amechaguliwa. Sisi hatujui. Tunachojua ni namna alivyoondoka, na Bi. Odessa anasema hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa kazi yake.

Limebaki jambo moja. Wiki iliyopita fundi wa majengo alishuka na ngazi na mkoba kutoa kibao cha mlango wa chumba cha kufulia, kile kilichoandikwa O. PREWITT, ili mtu mpya akute cha kwake. Bi. Odessa alikuwa kwa daktari wa meno. Fundi alikuwa ameshalegeza skrubu ya kwanza Kocha Halvorsen alipopita na kikombe chake cha kahawa. Alisimama. Alimuuliza fundi leo ni tarehe ngapi. Fundi alisema kumi na saba.

"Basi kaza hiyo," Kocha alisema. "Mwenyewe hajafa."

Fundi alikaza.

Bi. Odessa, umetufulia, umetushonea, na umewalinda watoto wa watu kwa skrubu nne kila mmoja. Asante. Asante kwa 1994, kwa kopo la biskuti, na kwa kumzoesha mtu wa mapokezi kusema habari za asubuhi kwa sauti inayosikika. Tunakuombea siku ndefu zisizo na mashine inayovuja, magoti mazuri, wajukuu wenye soksi zilizokamilika, na hata ile ya 1997 ipatikane.

Kibao chako kipo mlangoni, na hakuna atakayekigusa. Jina lako linaweza kuondolewa kwenye orodha ya wastaafu wakati wowote kabla ya saa kumi na moja jioni, Juni 30. Ukibaki, tutafurahi. Ukienda, tutakubebea viatu mpaka kwenye gari. Bisibisi unayo mwenyewe.

Annalise Goebel
Mapokezi, Ukumbi wa Michezo
kwa niaba ya wafanyakazi wote