Nélida Argüello, Mpima Upepo wa Jáchal

Nélida Argüello de Pastén alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa Jáchal, mji wetu chini ya milima ya Andes, mtoto wa pili wa mkulima wa vitunguu Casimiro Argüello na mkewe Tránsito. Wa kwanza alikuwa Eleuterio, baba yangu.

Alisoma hapa hapa, na mwaka 1959 akaenda jiji la Mendoza kujifunza upimaji wa hali ya hewa. Aliporudi, mama yake, bibi yangu Tránsito, alimuuliza amejifunza nini cha maana.

"Nimejua kwa nini upepo wetu wa Zonda unatuchoma, mama. Jua likiunguza kwenye ikweta, hewa hupanda na kuelekea huku kusini. Dunia inavyozunguka inaipindisha, ndiyo maana pepo kubwa hututokea magharibi, baharini. Zikipanda Andes zinamwaga theluji upande wa Chile. Zikishuka kwetu zimebanwa, zimekauka, ni moto mtupu."

"Ungeniuliza mimi," bibi akasema. "Siku ya Zonda nguo zangu hukauka kwa robo saa."

Tarehe 8 Oktoba 1966 shangazi Nélida aliolewa na fundi viatu Abelino Pastén, wakajaliwa Otilia na Fermín. Kwa miaka thelathini na sita alipima upepo katika kituo kidogo cha pembeni mwa mji.

Julai 1977 alitangaza tahadhari mara mbili, na mara zote mbili Zonda ulipita juu bila kushuka. Shule zilifungwa bure. Muuza mikate akamtania mbele za watu, "Nélida, upepo wako umepotea njia?"

Asubuhi ya tarehe 19 Agosti aliona kanieneo ya hewa ikiporomoka na wingu limelala juu ya vilele. Aliogopa kuchekwa mara ya tatu, akasubiri kipimo kingine. Alisubiri dakika arobaini. Baba yangu alikuwa shambani akichoma magugu. Upepo uliposhuka, moto ulimzunguka, akafia humo. Mimi nilikuwa na miaka sita.

Hakuna aliyejua kuhusu dakika zile. Siku ya mazishi shangazi alisimama mwenyewe kando ya kaburi akasema, "Niliona. Nikanyamaza." Mama yangu, Delfina, hakumfungulia mlango kwa miaka mingi. Tangu siku hiyo shangazi alitangaza kila dalili, akachekwa mara nyingi, na hakusubiri tena.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2017. Mei mwaka huu mama alikwenda hospitalini bila kutuaga, akaketi kitandani pake, akamtilia chai ya mate, ile ya majani tunayokunywa huku.

"Wifi, sijakusamehe," alisema. "Lakini kunywa, inapoa."

"Lete," shangazi akajibu.

Walikaa hivyo kila alasiri hadi tarehe 3 Juni 2019, alipofariki saa kumi na moja jioni.

Mumewe alimtangulia mwaka 2004. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, mimi Rufino mpwa wake, na wifi yake Delfina, aliyemvalisha jana nguo za mazishi kwa mikono yake na hakutaka kusaidiwa.

Mungu ampe utulivu alioukosa.