Mafuta ya Nazi Ndani ya Tangi

Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, nilipotoka dukani Mikindani na sigara ya umeme mfukoni. Dakika nazikumbuka kwa sababu niliziandika. Wanakikundi wenzangu wa kuacha sigara, mnanijua: mimi fundi redio wa Magomeni yetu ya hapa, niliishia darasa la saba, mengine nilijisomea. Kila kitu naandika daftarini.

Nilikuwa nimevuta tumbaku miaka ishirini na sita, nikitaka kuacha. Kifaa kile nikakisoma kama ninavyosoma redio. Kuna aina yenye pamba iliyozibwa ndani, ikichoka unaitupa. Kuna yenye tangi la kioo, unaona kilichobaki, na koili yake, ule waya unaopasha moto, inabadilishwa. Nikachagua tangi. Koili mpya unailowesha kwanza, unasubiri dakika kumi, la sivyo pamba inaungua na koo linawaka. Tangi unaliosha kwa maji ya uvuguvugu na kulikausha. Yote hayo niliyajua. Wanaotaka kunicheka wacheke sasa, maana mbele hakuna kicheko.

Mwenye duka, mzee wa Kihindi, aliniambia, "Mafuta yakiisha, fundi, rudi hapahapa. Usitie mengine."

Nikajisemea, huyu anavutia kwake.

Neno hilo, mafuta, ndilo lililoniponza. Yale ya chupa si mafuta. Ni kimiminika kizito kinachochanganyika na maji, sisi tumekiita mafuta kwa mazoea. Yalipoisha, nikachuja mafuta ya nazi mara tatu kwa kitambaa, nikaongeza matone ya mafuta ya karafuu. Nikaandika vipimo.

Ningeishia kwangu, nisingesimama hapa. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa mpakiaji bandarini, gunia la korosho kwake kama mto wa kulalia. Naye alitaka kuacha sigara. Nikampa kifaa cha pili nilichokuwa nimenunua, tangi limejaa.

"Injinia," akacheka, "mbona linanuka pilau? Nikivuta nitashiba?"

"Vuta, acha maneno. Nani mwingine atakufundisha bure?"

Mimi nilivuta kwa ratiba, kidogo. Yeye alivuta kutwa. Wiki ya tano akaanza kukohoa, akapata homa, akashindwa kupanda ngazi. Hospitali wakamtibu nimonia, dawa hazikushika. Daktari akauliza anavuta nini. Shemeji, kwa heshima, akanitazama mimi nijibu.

"Sigara ya umeme tu," nikasema.

Ndugu zangu, nawaambia, hiyo "tu" niliirudia siku tatu. Nilishaanza kushuku. Niliona aibu kuliko nilivyoona hofu.

Siku ya nne nesi alikuwa akitandika kitanda, akakuta tangi chini ya mto, akalinusa. "Makubwa! Karafuu hizi, nani anapika pilau wodini?"

Mke wangu akanigeukia. Akafungua mkoba, akatoa daftari langu, kumbe alilichukua nyumbani, akaliweka juu ya shuka.

"Soma."

Daktari akaitwa, nikasoma mbele yake: vijiko, matone, tarehe. Daktari akasema mafuta halisi yakiingia mapafuni hayatoki kama moshi, yanakaa. Wakabadilisha matibabu siku ileile.

Mimi nimeacha vyote, na kifua changu kimepona. Shemeji alirudi nyumbani, lakini gunia habebi tena. Anauza vocha nje ya nyumba yetu, na akitoka sokoni anapumzika mara mbili njiani. Bado ananiita Injinia. Hacheki tena akilitamka.

Namshukuru nesi yule kwa pua yake. Namshukuru mke wangu, ambaye angeweza kurudi kwao Nanyamba na hakurudi. Nanyi nawashukuru, mlinipokea wiki ambayo sikuweza hata kutaja nilichofanya.

Ninachowaachia ni hiki: nilijua kuliosha tangi kuliko wote mtaani, sikujua ninachokitia ndani. Na daktari akikuuliza, mtajie kitu chenyewe, usimtajie jina tulilolizoea.

Chupa ya dukani ilikuwa shilingi elfu ishirini. Nazi tulikuwa nazo nyumbani. Niliokoa shilingi elfu ishirini.