Mnara wa Madamu Enifa

Leo Ijumaa, tarehe 28 Juni, Madamu Enifa Mkwezalamba anaweka chaki chini baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Nsangulu, hapa kwetu Dedza. Wasifu huu ulitakiwa uandikwe na mwalimu mwenzake, lakini wote walikuwa na shughuli: mmoja anakaanga mandasi sokoni, mwingine anabeba abiria kwa baiskeli, na mwalimu mkuu ana nguruwe anayekaribia kuzaa. Ndipo kalamu ikanifikia mimi, Limbani Sitolo, fundi wa shule, mwenye elimu ya darasa la saba na robo ya la nane. Msiwe na wasiwasi. Aliyenifundisha kuandika ni Madamu mwenyewe, na mwandiko wangu unawashinda wengi waliomaliza.

Madamu alifika hapa akiwa binti, na sanduku moja la bati. Alipewa nyumba ya shule, na paa likaanza kuvuja usiku ule ule. Akaambiwa litatengenezwa. Darasa letu halikuwa na paa kabisa, kwa hiyo mvua ikinyesha alituingiza sebuleni kwake, akapanga masufuria, tukajifunza hesabu kwa matone. Mpaka leo watu wa Nsangulu wanajumlisha vizuri zaidi wakati wa masika.

Wakubwa hawakumsahau. Kila Siku ya Walimu walimletea shukrani: cheti, kofia, saa ya ukutani isiyo na betri. Mwaka mmoja walimpa mwavuli, na huo ulimfaa sana, maana aliutumia ndani ya nyumba. Kila mgeni rasmi alisema mwalimu ni mshumaa unaoungua ili wengine waone. Madamu alipiga makofi, kisha akarudi nyumbani kutafuta mshumaa.

Shuleni kwetu mtoto akichelewa hachapwi, anafyatua tofali. Madamu aliongeza lake: kabla tofali halijakauka, uandike juu yake kwa kidole herufi ya siku hiyo. Madaftari hatukuwa nayo, udongo ulikuwepo wa kutosha. Mimi nilichelewa kuliko mtoto yeyote aliyewahi kupita Nsangulu, kwa hiyo nikawa msomi mapema. Matofali hayo tuliyachoma yawe nyumba ya walimu. Ilikuwa inasubiriwa saruji tu. Ikasubiriwa, tanuri likaota majani, kuku wa jirani wakaanza kutaga humo.

Mwaka huu Madamu anastaafu. Mwalimu mpya anafika Jumatatu na mke, watoto na mbuzi, na nyumba ile inayovuja inatakiwa iwe wazi. Kiinua mgongo cha Madamu kinashughulikiwa. Kwao alikozaliwa, kaka zake wameshalima mpaka kizingitini. Kwa kifupi, kuanzia Jumatatu hana pa kulaza ubavu. Kamati ya shule ikakaa kikao, ikajadili jambo hilo kwa uchungu, na kwa kauli moja ikaamua kumjengea mnara.

Saruji ya mnara ilifika siku ya pili.

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Ganizani Chimwaza, aliniita.

"Limbani, mnara uwe mkubwa. Mheshimiwa anatoka wilayani, asije akakatia utepe kitu kama choo."

"Mkubwa kiasi gani, bwana?"

"Uonekane toka barabarani."

"Na ndani uweje?"

"Ndani kunanihusu nini? Mnara unaangaliwa nje. We kijana, shule uliikimbia na akili ukaiacha huko huko?"

Nikasema asante bwana, nikachukua kamba ya kupimia.

Kiwanja alitoa mfumu, chifu wetu, ambaye alisema mbele ya wazee kwamba mnara wa Madamu ni wa Madamu pamoja na ardhi yake. Matofali yalikuwa yale yale ya tanurini. Mabati tulichanga sisi tuliofundishwa naye. Bwana Chimwaza alipopita akauliza mnara na mabati wapi na wapi. Nikamjibu kuwa ni kuukinga usinyeshewe kabla Mheshimiwa hajafika. Akasema kumbe nina akili.

Madamu mwenyewe alipita Jumanne, akasimama na mkoba wake kwapani.

"Limbani, mnara una dirisha?"

"La kupumulia, Madamu."

"Na jiko je? Nalo ni la kupumulia?"

"Hilo ni la wageni, Madamu. Watakuja kutoa shukrani wana njaa."

Akapitisha kidole ukutani juu ya herufi zetu, A za huyu, M za yule, miaka yote ile ya wachelewaji. Akafika kwenye tofali moja karibu na mlango.

"Hii S inatazama nyuma. Ni yako."

"Imeshachomwa, Madamu. Haisahihishiki tena."

"Na ukuta wako umepinda," akasema, akaondoka haraka. Ukuta haujapinda. Macho yake ndiyo yalikuwa na maji.

Kamati itashangaa kuyasikia haya leo, ingawa wasifu huu waliupitisha wenyewe. Bwana Chimwaza alisoma mistari mitatu ya mwanzo, akagonga muhuri, na mimi nilitegemea hivyo hivyo.

Madamu Enifa, kwa niaba ya wote uliowashika mkono wakaandika, asante. Tunakuombea afya, kuku wengi, na masika ya kusikiliza tu, bila kutafuta sufuria. Ile saa ya ukutani tumeitilia betri, na mwavuli sasa utoke nao nje.

Kwa Mheshimiwa mgeni wetu rasmi: ukiona kiti cha Madamu hapo mbele ni kitupu, usihofu, amehamia jana na bado anavaa. Utepe umefungwa mlangoni. Kabla ya kuukata, tafadhali piga hodi. Ukikaribishwa, vua viatu, sakafu ya chumba cha mbele bado mbichi.