Ua Umetoa Ua

Marehemu, fundi seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Mjomba Rula, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha nyumba hii tulimokusanyika, wa kwanza kati ya watoto wawili.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1966. Siku za mvua alimbeba dada yake mdogo mgongoni kuvuka madimbwi. Dada mtu anasema aliangushwa mara nyingi kuliko alivyobebwa. Marehemu aliyapinga mahesabu hayo hadi mwisho.

Alianza useremala mwaka 1968 katika karakana ya nyuma ya soko. Nusu ya milango ya mtaa huu ni kazi yake, nayo hufunga vizuri. Wa kwake ulilia kama paka.

Tarehe 14 Julai 1979 alimwoa mshonaji aliyemshinda kwa maneno. Hawakujaliwa watoto. Mkewe alitangulia mwaka 2009, naye akaendelea kuandaa vikombe viwili vya chai, akidai mkono umezoea.

Mama yao alipofariki mwaka 2016, ndugu hawa waligombea benchi lake. Marehemu aliamua kifundi: alilikata katikati kwa msumeno. Kila mmoja akapata miguu miwili, na haki ambayo hakuna aliyeweza kuikalia. Kisha akajenga ua wa miti kati ya nyumba yake na ya dada yake, wakanuniana miaka saba. Kila Krismasi alipunguza sauti ya redio ili avisikie vizuri vicheko vya ng'ambo ya ua, ambavyo alisema vinamsumbua.

Lakini hasira haingoji mti ukauke. Miti ile mibichi ilishika mizizi, ikachipua kila mwaka, naye kila mwaka akainyoa. Mwaka 2023 mapafu yalimlemea, panga likamshinda. Mkesha wa Krismasi ua mzima ulikuwa umechanua. Akatoka na msumeno hivyohivyo.

"Kaka, unakata nini?" dada yake aliuliza kutoka ng'ambo. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa kaka yake tangu msiba wa mama.

"Nakata ua."

"Ua gani? Wa kuzuia watu au la kunusa?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamkalisha chini. "Wewe mtoto hukui."

"Na wewe hukomi. Lete nusu yako ya benchi."

Alikata mti mmoja tu. Kwenye upenyo ule wakaliunga benchi kwa misumari, wakakaa hapo Krismasi nzima. Alisema miti imewazidi akili: ilikatwa, ikachomekwa kichwa chini, na haikumnunia mtu.

Alifariki alfajiri ya tarehe 27 Januari 2024, katika chumba alimozaliwa, dada yake akiwa ameshika kikombe cha pili.

Ameacha dada mmoja na wapwa watatu. Benchi linayumba likikaliwa na mtu mmoja. Dada yake hulikalia hivyohivyo. Mtakaopita upenyoni kuelekea kaburini, tafadhali msivunje matawi.

Apumzike katika amani ambayo miti ilimtangulia kuijua.