Sajenti Goretti Aol na Mafuriko ya Kyebando ya Chini

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Mimi ni Zuleika Tamim, na leo sauti yangu ikikwama mnivumilie, sababu huyu ninayemkumbuka nilimjua. Kama una chapati kwenye moto, epua kwanza. Kama uko juu ya boda, mwambie dereva aegeshe pembeni. Habari hii haitaki kusikilizwa nusu nusu.

Tunamkumbuka Goretti Aol. Sajenti mstaafu wa polisi. Umri miaka sitini na nne. Mkaazi wa Kyebando hapa Kampala, ile ya chini, kando ya mfereji mkubwa. Alifariki kwenye mafuriko ya Alhamisi, wiki tatu zilizopita, saa tisa alasiri. Ilikuwa mchana, ndugu zangu, na watu wote wako macho.

Goretti alizaliwa kambini, kambi ya polisi. Baba yake alikuwa konstebo kutoka Kitgum. Yeye mwenyewe akavaa sare akiwa na miaka ishirini, akafundisha gwaride mpaka akastaafu. Mimi pia nimekulia kambi hiyohiyo, safu ya nyuma yao, kwa hiyo ninalolisema nalijua. Kambini kwetu filimbi ndefu ikilia mara tatu, kila nyumba inatoka. Uji unachemka, unauacha. Mtoto ana sabuni machoni, anatoka na sabuni yake. Mnakwenda uwanjani, mnapanga mstari, mnahesabiwa. Na hakuna anayeondoka kabla ya kuhesabiwa. Hilo nalirudia kwa sababu ndilo lililotufikisha hapa: hakuna anayeondoka kabla ya kuhesabiwa.

Alipostaafu alijenga Kyebando ya chini, kama wastaafu wenzake wengi. Kiwanja kilikuwa tambarare, majirani ni watu anaowajua. Mvua kubwa ya kwanza ikamfundisha adabu. Maji yaliingia hadi kiunoni, akakaa juu ya meza saa nne nzima amempakata mjukuu. Tangu siku hiyo, Goretti hakutulia tena. Alichukua rangi akachora mistari mitatu kwenye nguzo ya daraja la mfereji: mweupe, wa manjano, mwekundu. Mwekundu maana yake ni moja tu: panda juu, kwenye uwanja wa shule, sasa hivi.

Kila wingu likitanda, yeye yuko darajani na mwavuli. Watu walimcheka. Maimunah, jirani yake anayeuza sambusa, hafichi. Ananiambia, akimwita kwa jina la binti yake, "Mimi nilimcheka sana. Nilimwambia, Mama Aber, umestaafu polisi, sasa unataka kukamata mawingu?"

Akaitisha mazoezi siku ya Jumamosi. Akapanga watu, akawaeleza njia, halafu akapuliza filimbi. Mara tatu, ndefu. Banange, ndugu zangu! Nusu ya watu walipanda kwenda shuleni. Nusu nyingine, wale waliokulia kambini, waliteremka. Walikwenda kwenye kiwanja cha wazi kando ya mfereji, wakapanga mstari, wakanyoosha mabega, wakangoja. Na kile kiwanja ndicho mahali pa kwanza kujaa maji Kyebando nzima.

Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Goretti hakucheka. Binti yake, Aber, anasema mama alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake. "Aliniambia, kosa ni langu. Nimewaita watu kwenye maji." Kesho yake alipita mlango kwa mlango: filimbi marufuku. Kuanzia leo ni debe. Ukisikia debe linapigwa, panda juu. Walifanya mazoezi ya debe Jumamosi tano, na Jumamosi ya tano hakuna hata mmoja aliyeteremka.

Sasa tufike Alhamisi.

Mvua ilianza saa saba. Saa nane na nusu maji yaligusa mstari wa manjano. Goretti hakungoja. Aliwatuma akina mama wenye watoto watangulie. Dakika ishirini baadaye mstari mwekundu ulizama, naye akashika debe akaligonga kwa rungu, akipanda nalo mlima. Watu walitoka. Walipanda. Mambo yalikwenda sawasawa na mazoezi, isipokuwa kitu kimoja ambacho Jumamosi tano za jua hazikuwaonyesha. Mvua ikipiga mabati, debe halisikiki. Zile nyumba za mwisho kule chini hazikusikia chochote.

Mzee Okwir aliliona hilo. Huyu ni konstebo mstaafu, nyumba yake iko mkabala na daraja, na Jumamosi zile tano za debe alikuwa kwao Lira akimuuguza kaka yake, kwa hiyo hakujua kwamba filimbi imepigwa marufuku. Nilimkuta amekaa ndani, chai imepoa mkononi. Akaniambia, "Niliona milango ya chini imefungwa na maji yanakuja. Nikachukua filimbi yangu ya kazini. Nilitaka kusaidia, mwanangu. Nikapuliza mara tatu."

Milango ilifunguka. Walitoka watu kumi na mmoja, wengi wazee, na Maimunah akiwa kati yao. Wakateremka kwenye kile kiwanja cha kando ya mfereji. Wakapanga mstari.

Goretti alikuwa amefika getini kwa shule. Aliisikia ile filimbi. Aber alimshika mkono kwa nguvu zake zote. "Nilimwambia, Mama, usiende, tafadhali usiende. Akasema, niachie, wamesimama wananingoja mimi." Akauchomoa mkono wake na kuteremka.

Alipofika kiwanjani maji yalikuwa magotini. Alipiga kelele: pandeni, pandeni! Hakuna aliyesogea. Najua msikilizaji mmoja sasa hivi anatikisa kichwa, anasema hawa watu ni wajinga. Nyamaza kidogo umsikilize Maimunah. "Nilimwambia, Mama Aber, hatujahesabiwa. Usinicheke, Zuleika. Nilikuwa na woga mpaka sijui jina langu. Miguu ilishika yale niliyofundishwa nikiwa mdogo."

Hapo Goretti akaacha kubembeleza. Akaenda mbele ya mstari, akasimama ameupa mfereji mgongo, akatoa ile sauti ya gwaride ambayo sisi watoto wa kambi tulikuwa tukiisikia tunaficha mikono iliyochafuka.

"Gwaride! Gwaride, mguu sawa! Nyuma geuka! Mbele, tembea!"

Wakageuka. Wote kumi na mmoja, kwa pamoja, na bibi mmoja wa miaka sabini na nane akipiga mguu kwenye maji kama msichana. Sasa mlima ulikuwa mbele yao. Na Goretti, aliyekuwa mbele, akawa wa mwisho.

Kuna kichochoro chembamba kati ya kuta mbili, ndiyo njia pekee ya kutoka pale. Maji yalikuwa yamefika kiunoni. Walishikana nguo. Nyuma walimsikia: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Katikati ya kichochoro ukaja mngurumo, ukuta wa matofali ukaanguka nyuma yao. Maimunah alitaka kugeuka. "Nilimsikia anasema, msigeuke, tembea! Basi nikatembea. Mungu anisamehe, nilitembea."

Walitokea juu, uwanjani kwa shule. Hakuna aliyewaambia, lakini walipanga mstari wakahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Mpaka kumi na moja. Wakangoja kumi na mbili. Wakahesabu tena, kwa sauti kubwa zaidi, labda mvua ilimeza sauti yake. Walihesabu mara tatu, wasikilizaji wapendwa, na Aber amesimama pale anasikiliza.

Goretti Aol alipatikana Ijumaa asubuhi kwenye kalavati ya chini. Kalavati ile ilikuwa imezibwa na chupa za plastiki na mifuko. Hizo chupa hazikushuka kutoka mbinguni. Ni mimi na wewe, tunakunywa soda tunatupa, halafu tunakwenda matangani kulia. Nimekasirika, na sitaomba radhi.

Watu wameniuliza, Zuleika, je, Mzee Okwir ashtakiwe? Mimi si hakimu. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile mzee hakuwa akitoka nyumbani. Jumamosi iliyopita Kyebando ya chini ilifanya mazoezi tena, mara hii mvua ikinyesha, kwa makusudi, na kila safu ya nyumba ina debe lake na mtu wake wa kugonga mlango. Aber ndiye aliyesimamia. Kabla ya kuanza alikwenda kwa Mzee Okwir, akabisha.

"Mzee, toka. Wewe utatembea nyuma."

"Mimi? Mwanangu, baada ya yale?"

"Wewe. Nyuma kabisa. Ukinifikia juu utaniambia hakuna aliyebaki."

Mzee alivaa viatu. Alipita kila mlango, akatazama ndani, akafunga. Alifika juu wa mwisho, amelowa chapachapa, akasimama mbele ya Aber akasema, "Hakuna aliyebaki." Aber akamkumbatia, wakalia wote wawili, na sisi tuliokuwa pale tukatazama chini.

Wewe unayenisikiliza, uwe Bugolobi kwenye ghorofa au Nakawa sokoni, leo kaa na watu wa nyumbani kwako uwaulize: tukisikia hatari, tunakwenda wapi? Usiwaulize wanajua nini. Waambie watembee, utazame miguu yao inaelekea wapi.

Kwa Aber na ndugu wote Kitgum na Kampala, poleni sana. Mungu amlaze Sajenti Goretti mahali pema. Maimunah, pole, na ulifanya sawa kutembea. Na wewe Mzee Okwir, najua redio umeiweka chini ya kitanda na unasikiliza. Aliyekufa alikuwa jirani yako na rafiki yako, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kukupa pole. Basi naanza mimi, hapa hewani, watu wote wakisikia. Pole, Mzee wangu. Pole sana.