Harufu ya Samaki Ambaye Taraben Hakumla

Wasikilizaji wapendwa, leo sogeza kiti karibu na redio, na kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Tumempoteza mpishi. Taraben, mwenye Hoteli Mkunazini hapa mjini Nyeri, alifariki Jumanne iliyopita. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Taraben wa Mkunazini. Yule mama aliyetufundisha sisi watu wa mlimani kula nazi.

Alizaliwa Unguja, mtaa wa Mkunazini, katika familia ya Kihindu isiyokula nyama wala samaki. Ukuta wa jikoni kwao ulikuwa ndio ukuta wa jikoni kwa jirani, Bi Mwanakhamis. Kila Ijumaa Bi Mwanakhamis alichoma samaki aina ya changu juu ya makaa, akimpaka tui zito la nazi, ukwaju na pilipili. Taraben mdogo alisimama dirishani akivuta pumzi. Samaki yule hakumla hata siku moja. Lakini harufu yake aliijua kama sauti ya mama yake.

Mwaka 1964 mambo yalichafuka kisiwani, na familia ikaondoka. Taraben alikuwa na miaka kumi na miwili. Walikuja kwa mjomba wake hapa Nyeri, kwenye ukungu na baridi ya Julai. Akakulia hapa. Akaolewa hapa, na Mahesh, muuza vitambaa, wakamzaa Dhruv.

Mwaka 1991 alimwambia mumewe anataka kufungua hoteli ya vyakula vya kisiwani. Mbaazi za nazi, muhogo wa nazi, mkate wa kumimina. Na samaki wa kupaka.

Mahesh alishangaa. "Utauzaje samaki usiyemwonja?"

"Nitapika harufu," akajibu.

Samaki akatengewa chumba chake na sufuria zake. Taraben hakuzigusa. Alihitaji mikono ya mtu mwingine, na ulimi wa mtu mwingine. Hapo ndipo alipoingia Njoki.

Njoki ni mama wa kutoka kijiji cha Gatitu. Wakati huo alikuwa akiuza githeri ya mahindi na maharagwe sokoni. Anatuambia: "Nikasikia kuna Muhindi anatafuta mtu wa kupika samaki. Nikajiuliza, sasa mimi samaki niliionea wapi?"

Siku ya kwanza tilapia wa Sagana alipoanza kuchuruza tui kwenye makaa, Njoki alisema, "Inanuka vizuri, Mama Dhruv."

"Kinachonuka ni soksi, mwanangu. Chakula hunukia."

Ilichukua miezi minne, wasikilizaji. Miezi minne Taraben akisimama mlangoni mwa chumba kile, macho amefumba, akisema ukwaju umepungua, moto umezidi. Asubuhi moja ukwaju haukupungua wala moto haukuzidi. Njoki alipogeuka, alimkuta akilia.

Wateja walijivuta. Mkulima mmoja wa ngano kutoka Timau, Mzee Mwai, alisukuma sahani. "Ati wali ya nazi? Hii si ni ya kula na chai?" Wiki iliyofuata alirudi na mkewe na wakwe zake. Miaka thelathini hoteli ile ilijaa.

Mahesh alipofariki, mwana wao Dhruv alimnunulia mama tiketi ya Unguja. Ilikuwa mwaka 2019. Taraben alikataa. "Nikienda nikakuta sivyo," alimwambia, "nitapika kutoka wapi?"

Kisha ukaja mwaka 2021. Taraben aliugua, akapona, lakini pua haikupona. Harufu zote zikaondoka. Kumbuka, msikilizaji: samaki yule alimjua kwa harufu tu. Hakuwa na njia nyingine ya kumfikia. Wiki tatu alikaa tu kwenye stuli jikoni.

"Siku moja akaniita," anasema Njoki. "Akaniambia, nusa, halafu uniambie."

"Imeiva, Mama Dhruv."

"Imeiva vipi?"

Njoki hakuwa na maneno. Akajifunza kuyatafuta. "Ni kama sukari imeanza kuungua, lakini bado haijakasirika." Taraben akacheka, kwa mara ya kwanza tangu augue. Ikawa kazi yao ya kila siku. Mmoja ananusa, mwingine anasikiliza.

Na mwaka juzi Taraben akasema sasa atakwenda. Atakwenda na Njoki.

Walifika Mkunazini saa saba mchana. Nyumba ilikuwepo, chini pamefunguliwa duka la kanga. Kwenye kona ya kichochoro, kijana alikuwa akichoma samaki. Taraben alisimama, akaegemeza viganja vyote viwili ukutani.

"Njoki. Niambie. Ndiyo yenyewe?"

Njoki alivuta pumzi. Ndimu na kitunguu saumu. Ukwaju haumo. Tui halimo. Alimtazama yule mama.

"Ndiyo hii, Mama Dhruv. Ndiyo hii kabisa."

Taraben aliondoa viganja ukutani. Kisha akamshika mkono. "Basi, mwanangu. Twende nyumbani."

Wiki hii Njoki alitueleza jambo hili akiwa amejifunika uso kwa leso. "Nilimdanganya. Ile ya Bi Mwanakhamis haiko kule tena, iko huku, kwa hii mikono yangu. Ningemwambiaje hiyo? Nimebeba hii kitu miaka miwili. Sijui kama nilimkosea."

Kabla ya kuwasomea haya, tulimpigia Dhruv simu na kumwomba ruhusa. Akasema: "Mwambieni Njoki kwamba Mama alijua. Aliporudi aliniambia, 'Njoki hajui kusema uongo. Lakini alijitahidi kwa ajili yangu, na hakuna aliyewahi kunipa zawadi kubwa kuliko ile.'"

Tulimpelekea Njoki maneno hayo. Aliomba tuyarudie. Tukayarudia.

Dhruv, pole sana. Pole kwa mkeo Payal na watoto. Nawe Njoki wa Gatitu, pole, maana umefiwa kama walivyofiwa wao.

Nasi tulio hai tutazame kando yetu. Yupo jirani, yupo mkwe, yupo bibi anayetamani mahali asipoweza kurudi. Leo muulize kwao walikula nini. Usikimbilie kumfariji. Kaa naye, umwache aseme hadi amalize.

Hoteli Mkunazini itafunguliwa Jumatatu. Njoki anasema samaki watakuwa tayari kuanzia saa sita.