Heri Kisu Chepesi

Mama mmoja wa mashambani Kent, shali kafunga kifuani, alikaa mkabala nami katika gari la farasi la abiria. Hata London hatujaingia vizuri, bwana mmoja mwenye mguu wa mti, aliyekaa kando yake, alishamtoa siri yote: uvimbe wa titi, na leo anakatwa.

"Nani anakukata?"

"Daktari Pym. Wanasema ni mwangalifu."

"Mwangalifu!" Bwana akagonga sakafu kwa mguu wake. "Mama, omba mwepesi! Mimi alinikata Daktari Harkness, wanafunzi wameshika saa kumpimia wepesi. Sijamaliza ukelele mmoja, mguu uko chini."

"Harkness huyo alimkata dada yangu. Wanafunzi wakampigia makofi kwa wepesi wake. Nusu ya uvimbe akaiacha ndani. Tumemzika dada."

"Lakini hakuumia sana."

"Ulimuuliza?"

Nikageukia dirishani. Watu hubishania visu kama farasi wa mashindano.

"Pym atakuchimba robo saa," bwana akang'ang'ania, "uko macho, na brandi kikombe kimoja tu! Utaweza?"

Gari likasimama mbele ya hospitali, na juu ya paa la jengo kengele ikalia. Sisi wa mtaa huu tunaijua: inawaita wanaume wenye nguvu waje kumshika mgonjwa akikatwa.

"Hilo kanisa gani?" mama akauliza.

Bwana akaukamata mguu wake wa mti kwa mikono miwili. "La Mtakatifu Filipo, mama. Wana ibada."

"Ibada, Jumanne?" akasema mama, akashuka.